Nusu Saa ya Kumngoja Seoli

Ha Tsekana,
3 Oktoba 2004

Shangazi Maletsatsi,

Naanza na lile ambalo sijamwambia mtu yeyote, maana najijua: nikianza na salamu nitasalimia mpaka karatasi iishe. Siku ile mlimani Baba hakusema tungoje nusu saa. Baba alisema tushuke. Ile nusu saa niliitia mimi kinywani mwake.

Sasa salamu. Khotso, Shangazi. Bibi ni mzima, magoti tu ndiyo yanamtesa, naye anauliza kama huko ng'ambo ya mpaka kwenye mashamba ya asparagasi mnapewa hata siku moja ya kunyoosha mgongo, au mtarudi kwetu mmejikunja kama ndoano. Mipichi ilichanua vizuri, kisha theluji ikaiangukia na maua yakawa kahawia. Kondoo wamezaa wana kumi na mmoja, wawili wameuawa na baridi. Baba anakula kidogo.

Shangazi, nadhani habari imekufikia huko, lakini imekufikia kama watu wanavyoisema. Nataka uipate kwangu.

Unajua kila Septemba wanakuja wale wageni wa kutazama ndege, wanaokanyaga theluji siku nzima kwa ajili ya kiumbe ambacho sisi tunakifukuza kwa mawe. Baba anaijua milima, mimi najua Kiingereza, kwa hiyo sisi wawili ni kiongozi mmoja. Mwaka huu walikuja wanne kutoka upande wa pili wa mpaka. Mkubwa wao alikuwa Bi Hester, mwalimu mstaafu, mwenye sauti ya kuitia watoto mstarini. Wa pili na wa tatu walikuwa mke na mume ambao hawakusema sana. Wa nne alikuwa Mzee Anton, mfamasia mstaafu wa miaka sabini na mmoja, mwenye mtoto wa jicho katika macho yote mawili.

Wageni wote huzungumza na Baba kwa kunipitia mimi kama mtu anavyopitia mlangoni. Mzee Anton peke yake alizungumza na mlango. Aliniuliza jina langu, nikamwambia Puseletso, akaniuliza maana yake, nikamweleza kwamba nilizaliwa baada ya mtoto aliyekufa, mimi ni kile kilichorudishwa. Unajua ninavyozungumza mbele ya watu, naanza sentensi naimalizia tumboni. Yeye alisubiri mpaka nikamaliza. Halafu akanivisha darubini yake shingoni, akasema macho yake hayana haraka nayo.

Mchana tulifika juu kwenye ukingo, theluji ikiwa magotini. Tulikuwa tumewaona ndege wadogo wenye vifua vya rangi ya chungwa wakirukaruka juu ya miamba, na Bi Hester alikuwa ameandika mengi. Lakini Mzee Anton alikuja kwa ajili ya seoli tu, yule tai mwenye ndevu anayebeba mfupa juu angani na kuuachia uvunjike mwambani ili ale uboho wa ndani. Mwamba wake tulikuwa tunauona, umejaa vipande vya mifupa. Seoli mwenyewe hakuwepo.

Baba akasimama, akageuza uso, akanusa. Akaniambia, "Waambie upepo umegeuka, sasa unatoka upande wa bahari. Tunashuka sasa hivi."

Kabla sijafungua mdomo Mzee Anton akanishika mkono wa koti. Akasema, "Binti, mwombe baba yako nusu saa tu. Mwakani sitakuwa naona kitu."

Kazi yangu ilikuwa kumpa Baba maneno yale na kumwacha akatae. Badala yake niliwageukia wageni, nikasema kwa Kiingereza safi cha darasani kwamba Baba anasema tungoje nusu saa, kisha tutashuka. Halafu nikamgeukia Baba nikamwambia kwa Kisotho kwamba wanakataa kushuka. Baba alinitazama kidogo. Akasema, "Haya," akakaa juu ya jiwe na kujifunika blanketi lake.

Dakika ya ishirini seoli alikuja. Alikuwa na mfupa. Niliishika darubini kwenye macho ya Mzee Anton nikamwelekeza, na mfupa ulipopasuka mwambani alicheka kwa sauti kama mtoto anayetekenywa.

Kisha ukungu ukapanda kutoka bondeni, haukuchukua hata muda wa kufunga begi. Baba alituunganisha kwa kamba ya farasi tukashuka tumeshikana. Tulipofika kwenye ukuta wa kituo cha wachungaji Baba akatuhesabu kwa kutugusa vichwa, akapata kimoja kimepungua. Fundo la mwisho lilikuwa limefunguka. Alirudi juu mara mbili. Mzee Anton walimpata siku ya tatu, amekufa, ameketi nyuma ya jiwe, hatua arobaini tu kutoka tulipokuwa tumejibanza. Alikuwa amefunga vifungo vyote vya koti.

Wale watatu wameandikisha polisi kwamba kiongozi ndiye aliyeamua kungoja ijapokuwa hali ya hewa iliharibika. Hawasemi uongo. Ndivyo walivyosikia kutoka kwangu. Mimi sikuulizwa kitu, mimi ni mtoto.

Nifanye nini, Shangazi? Wewe ndiye wa kwanza kusoma shule katika nyumba hii. Niambie.

Mwanao,
Puseletso


Shambani, karibu na Ficksburg,
24 Oktoba 2004

Binti wa kaka yangu,

Khotso kwako, kwa Mama yangu, bibi yako, na kwa wote walio chini ya paa hilo. Mimi ni mzima. Mwambie Mama mgongo bado upo, ila siku hizi unanisalimia kila asubuhi kabla sijausalimia. Tunaingia shambani kabla ya jua, maana asparagasi ikionja jua tu inakuwa kijani na msimamizi anakuwa mwekundu. Kuna msichana wa Butha-Buthe hapa anaimba vibaya mpaka tunamlipa tumbaku anyamaze. Nimekununulia soksi mbili za sufu, atazileta dereva Motlatsi, usimruhusu akwambie amesahau.

Umesema kondoo wawili wamekufa. Hao waliobaki wafungie upande wa mashariki wa zizi, ukuta ule hauvuji upepo.

Kuhusu lile jingine. Karatasi yako niliwashia moto wa chai. Hakuna aliyeisoma ila mimi, na mimi sikuisoma. Usiandike tena mambo hayo. Motlatsi ni mtu mzuri, lakini bahasha hupita mikono mitano kabla ya kufika kwangu.

Una mtihani mwezi ujao. Kaka yangu alichunga kondoo tangu ana miaka saba ili mimi nikae darasani, na sasa anapandisha watu milimani ili wewe ukae. Najua anachotaka. Usiniulize nimejuaje. Mtu mzima akibeba mzigo wake kimya, mtoto hamnyang'anyi njiani.

Soma vitabu vyako.

Shangazi yako,
Maletsatsi


Ha Tsekana,
2 Novemba 2004

Shangazi,

Khotso. Soksi zimefika, moja ina tundu, Motlatsi anaapa ni panya. Bibi anakushukuru na kukucheka kuhusu mgongo. Wana-kondoo nimewahamishia mashariki kama ulivyosema, wanaongezeka uzito. Mvua za kwanza zimeanza na mboga za mwituni zimechipua, kwa hiyo tunakula ugali na moroho kila siku na Bibi anasema sasa ametambua kwamba yeye ni mbuzi.

Umesema nisiandike. Nisipoandika nitapasuka.

Siku ile ile walipomshusha Mzee Anton, Baba alinyoa kichwa. Alichinja beberu, akanyoa, akavaa kitambaa cheusi begani, kama tunavyomfanyia mtu wa nyumbani. Bibi alimuuliza, Seabata, huyu ni wa ukoo gani wetu? Baba akajibu kwamba mtu aliyekufa akiwa amekushika kamba hawezi kuitwa mgeni. Huko kisimani wanawake wanacheka. Mmoja wao, 'Mapheello, alisema mbele yangu, ndoo ikiwa kichwani, "Mkewe alipofariki alinyoa, na mzungu alipofariki amenyoa. Labda walioana huko juu kwenye theluji." Wote wakacheka, na mimi nikajaza ndoo yangu.

Lakini polisi kutoka mjini hakucheka. Ni kijana, si wa milima hii. Alikitazama kichwa cha Baba, akaandika, akauliza kwa nini mtu amnyolee mtu asiye ndugu yake kama moyo wake hauna doa. Sasa zile nywele zimo kwenye faili, Shangazi. Kitu ambacho hapa kwetu ni heshima, kule chini ni ushahidi.

Na hili ndilo linaloniua. Polisi alimuuliza Baba waziwazi nani aliamua kungoja. Nilikuwa nimesimama na kikombe cha chai mkononi. Nilijua Baba atasema, "Wageni walikataa kushuka," kwa sababu ndivyo nilivyomwambia. Nilikuwa tayari. Nilijiambia akisema hivyo nami nitasema.

Baba akasema, "Mimi. Nilisema tungoje."

Kwa nini, Shangazi? Hakusema hivyo. Aliniambia kwa kinywa chake tushuke. Amesahau? Au anadhani wageni ni watu wa kuogopwa kiasi cha kuwabebea hata kiburi ambacho hawakuwa nacho? Chai ilinimwagikia miguuni, polisi akasema pole, basi.

Wamempa karatasi. Tarehe 9 Desemba atasimama mbele ya hakimu wa wilaya kwa kusababisha kifo kwa uzembe. Aliyeileta alisema mtu anayekiri mwenyewe mahakama haimcheleweshi, na kwamba ni miaka, hakusema mingapi. Baba aliikunja karatasi akaiweka ndani ya kofia yake. Hajui kusoma lakini ameikumbuka tarehe.

Nimejaribu mara tatu kumwambia. Mara ya kwanza zizini, nikamuuliza kuhusu kwato. Mara ya pili tukila, nikaomba chumvi. Mara ya tatu nilimfuata mpaka alipokuwa anatandika farasi, nikasimama tu, na Baba akasema, "Puseletso, ukiwa na la kusema mwanangu utalisema, ukiwa huna nishikie hatamu." Nikashika hatamu.

Nijibu upesi. Nakuomba kwa jina la Mama yangu aliye kaburini.

Puseletso


Ha Tsekana,
19 Novemba 2004

Shangazi,

Khotso. Tuko wazima.

Motlatsi anasema barua yangu ulipewa mkononi tarehe saba, na kwamba uliisoma ukiwa umesimama, kisha ukaingia ndani bila kumuaga. Kwa hiyo najua unayo.

Jana tulifanya mtihani wa Kiingereza. Swali la kwanza lilikuwa kutafsiri aya moja ya Kisotho. Ilikuwa rahisi, mkulima na ng'ombe wake. Niliisoma na maneno yote ya Kiingereza yakanijia, nikayaogopa. Nimeirudisha karatasi tupu. Mwalimu aliniuliza kama naumwa.

Nadhani sitatafsiri tena kitu maishani. Zimebaki siku ishirini. Baba ameanza kumfundisha jirani yetu mahali tunapofichia jembe na ni kondoo gani ana kiwele kibovu. Anayasema taratibu, kama mtu anayesafiri.

Kama huna la kuniambia, andika kwamba huna.

P.


Shambani,
27 Novemba 2004

Mwanangu,

Khotso. Mwambie Mama mimi mzima. Mashine ya kufungia mboga iliharibika siku mbili tukapumzika, ndiyo habari njema pekee ya huku.

Nimekaa na barua zako mbili chini ya godoro. Nimeandika majibu manne na yote yameivisha chai. Hili la tano nitalipeleka kabla halijapoa.

Kaka yangu alikuja hapa. Hukuambiwa. Ulidhani amekwenda kuuza sufu, ile wiki ya pili ya Oktoba. Aliacha farasi mpakani, akapanda gari tatu, akaja akasimama kwenye seng'enge ya shamba na kichwa chake kilichonyolewa mpaka msimamizi akadhani ni mwendawazimu. Tulizungumza seng'enge ikiwa katikati yetu, maana ilikuwa saa za kazi. Barua yako ya kwanza nilikuwa nimeipata siku mbili kabla. Nilijifanya sijui kitu.

Puseletso, baba yako anajua.

Nilimuuliza amejuaje. Akanicheka. Akasema, "Dada, miaka kumi na minne nawapandisha watu wale. Jina la Mungu wao silijui, lakini nusu saa kwa lugha yao naijua. Wanaiomba kuliko maji."

Alikusikia pale pale mlimani. Alisikia ulivyowaambia, kisha akasikia ulivyomwambia yeye, na akajua hayafanani.

Nilikasirika. Nikamuuliza kwa nini hakukukanya, kwa nini hakuinuka akatelemka wamfuate. Msichana wa Butha-Buthe akanipita na mstari wake wote. Halafu kaka yangu akasema, na nakuandikia kama alivyosema, sikuongeza:

"Alikuwa ameinua kichwa. Mtoto yule hajawahi kusema mbele ya watu wazima ila anatazama vidole vya miguu. Siku ile alisimama juu ya theluji akawaambia watu wanne la kufanya, na kichwa amekiinua, na wakamtii. Niliujua upepo ule, Maletsatsi. Nikasema moyoni, nimwache amalize."

Ndiyo sababu anasema ni yeye. Kwa akili yake hasemi uongo. Anasema mtoto hakujua upepo, yeye aliujua, akauuza upepo kwa kichwa cha mtoto wake kuinuka. Akaniapisha kwa kaburi la Baba yetu nisikwambie, akasema ukijua utarudi kuinama na safari hii hutainuka tena. Nikaapa. Nikakuandikia usome vitabu vyako.

Lakini umerudisha karatasi tupu. Umeinama tayari. Kiapo changu kinalinda kitu gani, basi?

Unaniuliza ufanye nini. Nimesoma shule miaka tisa na sijui. Ukisema mahakamani, pengine watampunguzia na pengine hapana, na wewe milima yote itakuita aliyemuua mzee wa watu. Ukinyamaza, ataingia gerezani akitabasamu, na wewe utabaki nje. Mimi ningekuwa wewe, kwanza nisingemwendea hakimu. Kuna mtu wa karibu zaidi anayengoja.

Kibali cha kuondoka nimenyimwa mpaka tarehe 15. Nisamehe. Ninyi ni damu yangu yote.

Maletsatsi


Ha Tsekana,
5 Desemba 2004

Shangazi,

Khotso kwako. Bibi mzima, leo ameamka akaoga kwa maji ya moto na kusema anataka kwenda naye mjini tarehe tisa, atapanda farasi, magoti yapende yasipende. Mvua imenyesha vizuri, mahindi yamefika kifundoni. Wana-kondoo wote tisa wako hai.

Barua yako niliisoma nyuma ya zizi. Niliisoma mara nyingi mpaka ule mstari wa kichwa kuinuka ukachubuka kwa kidole. Kwanza nilikasirika, sijawahi kukasirika hivyo. Nilitaka kwenda kumuuliza, ulikuwa unautazama upepo au ulikuwa unanitazama mimi? Mzee Anton alifunga vifungo vyote vya koti, Baba, na wewe ulikuwa unanitazama mimi? Halafu nikaona siwezi kumuuliza hilo kabla sijamwambia langu, maana langu lilitangulia.

Nimeandika maelezo ya kumpa hakimu. Nimeyaandika kwa Kisotho kwanza, kisha kwa Kiingereza. Nimeandika Baba alisema nini na mimi nilisema nini, pande zote mbili. Bi Hester nitamwandikia pia, ajue kwamba yule mzee hakudanganywa na kiongozi, alidanganywa na mimi, na kwamba nilimpenda. Kiingereza kimerudi. Nilidhani kimenikimbia, kumbe nilikuwa nimekifungia.

Mahakamani itabidi niyaseme kwa mdomo. Najua Baba atasimama aseme msimsikilize, huyu mtoto, anataka kuniokoa. Atalisema vizuri, na watu watamwamini. Kwa hiyo lazima nimwambie leo, hapa nyumbani, anikasirikie au anililie, ili tarehe tisa tusiwe watu wawili wanaosimama mbele ya hakimu kila mmoja akimwibia mwenzake kosa.

Nakuandikia mezani, mchana, mlango umeegeshwa. Nakiri kwako na hili dogo: miezi hii yote nikisikia viatu vyake nilikuwa nasukuma karatasi chini ya gunia la unga. Leo ndipo nimejiuliza kwa nini. Baba hajui kusoma. Nimekuwa nikimficha maandishi mtu ambaye angeyaona kama nyayo za kuku. Nilichokuwa namficha ni kwamba angeniuliza yanasemaje.

Ametoka kwa farasi. Namsikia anampiga farasi makofi shingoni, anamwambia nenda ukale wewe, mimi nina safari. Sasa anakuja. Anakwangua tope kwenye jiwe la mlangoni, mguu mmoja, wa pili.

Karatasi iko mezani, Shangazi, siigusi. Akiniuliza inasemaje nitamsomea yote tangu mwanzo, ya kwako na ya kwangu, bila kupunguza neno na bila kumtilia la kwangu.

Amesukuma mlango. Anauliza